Nyayo Kumi na Moja

Theluji ya Sorsavaara ilichukuliwa siku ya tatu baada ya mazishi ya Ilpo Moilanen, na nyayo zake za mwisho zilikuwa bado ndani yake.

Wafanyakazi wa Kampuni ya Majira Mema walikuja asubuhi kwa reli, na mabehewa ya wazi. Walianzia kanisani. Wawili walishika upande huu, wawili upande ule, wakaibandua theluji kutoka ardhini na kuikunja kama zulia, kisha wakaendelea nyumba baada ya nyumba. Walikuwa watu wa adabu. Waligonga kila mlango kabla ya kuanza. Taisto Moilanen, baba wa marehemu, aliwauliza nani amewapa ruhusa. Wakamwambia theluji inatoka mbinguni, na mbingu haina mwenyewe. Taisto alikuwa amechoka na msiba. Alirudi ndani. Kufika mchana kijiji chote kilikuwa cheusi, na mabehewa yalikuwa yanaelekea kusini, Helsinki, ambako majira ya baridi siku hizi ni mvua tu na watalii walikuwa wameanza kulalamika.

Kwetu nyayo za mwisho za marehemu hazifagiliwi. Zinaachwa mpaka theluji mpya ianguke izifunike yenyewe. Hakuna kutumia ufagio wala koleo. Zikishafunikwa, marehemu ameondoka, na wenyewe wanaweza kuondoa viatu vyake mlangoni. Ilpo alipiga hatua kumi na moja kutoka mlangoni hadi kwenye gari, siku ya Alhamisi, akaenda msituni kukata miti, na mti mmoja ukamwangukia. Baba yake alizizungushia nyayo hizo matawi ya msonobari ili mtu asizikanyage. Wafanyakazi wa kampuni waliyaondoa matawi, wakayapanga vizuri ukutani, wakakunja.

Tangu hapo, kila Alhamisi asubuhi, wakati mzee Taisto na mkewe Hilkka wanapokunywa kahawa, mlango wa nyumba yao hufunguka wenyewe, wazi kabisa, na hukaa hivyo hadi karibu na mchana. Haufungiki. Taisto alijaribu komeo, akajaribu gogo, akaja akasogeza mashine ya kufulia. Mashine waliikuta nje imesimama wima, haina hata mkwaruzo. Baada ya hapo waliacha. Siku za Alhamisi wanakunywa kahawa na makoti mwilini. Mgeni akija siku hiyo havui kofia, hata mchungaji.

"Bado anatoka," Hilkka alisema mara ya kwanza, na hawakulizungumza tena.

Viatu vya Ilpo vya nyumbani vilikaa mlangoni miaka sita. Kila mwanzo wa baridi theluji ilianguka Sorsavaara kama zamani, na kila mara mabehewa yalikuja siku hiyo hiyo.

Kisha jirani yao Kerttu alikwenda Helsinki kupima macho, akarudi na habari.

"Nimemwona paka wangu kule," alimwambia Hilkka. "Alama zake ziko kwenye bustani karibu na stesheni. Mpaka pale alipokojoa."

"Hukuona nyayo za mwanamume? Kisigino cha kushoto kina kiraka cha tairi."

"Sikuangalia, mwenzangu. Nilikuwa namlilia paka."

Kampuni ilikuwa na matembezi ya watalii, siku nne mjini, chini ya tangazo lililosema Njooni Mwone Majira ya Baridi ya Kweli. Hilkka alichukua tiketi ya watu wawili. Alimwambia mumewe wameoana miaka arobaini na tano na hawajawahi kutembezwa popote. Taisto alitoa viatu vyake vya kanisani, vyeusi, vya soli nyembamba, akavipaka rangi.

"Vaa vya manyoya," Hilkka alimwambia.

"Naenda mjini. Siendi zizini."

Kwenye treni Hilkka aliweka miguuni sanduku lao la bati, lile la kubebea samaki.

"Lina nini hilo?" Taisto aliuliza.

"Vumbi la mbao."

"La nini?"

"La matembezi."

Taisto aliangalia dirishani. Nje mashamba yalipita, meusi, moja baada ya jingine. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kukata barafu ziwani kwa ajili ya kiwanda cha maziwa. Waliikata vipande vya mraba mwezi wa tatu, wakaifukia kwenye vumbi la mbao, na mwezi wa nane waliifukua ikiwa nzima. Barafu iliyofukiwa vizuri haina habari kwamba kiangazi kimefika. Alifikiri jambo hilo mpaka Kajaani ikabaki nyuma.

"Umelikausha?"

"Siku mbili juu ya jiko. Kwani mimi mtoto?"

"Basi nipe mkate."

Theluji ilikuwa imetandikwa kutoka stesheni hadi bandarini. Ilipendeza, lazima isemwe. Watu wa mjini waliikanyaga kwa viatu vya wazi kama wamezaliwa nayo. Kila kitu cha Sorsavaara kilikuwa humo. Alama za ski za mwalimu mstaafu zilikatiza reli za tramu na kuingia dukani. Mbele ya benki kubwa palikuwa pale mchungaji alipoteleza siku ya Pasaka. Umbo la makalio yake lilikuwa limezungushiwa kamba nyekundu, na wageni walikuwa wamepanga foleni ya kupiga picha.

"Mchungaji amekuwa mtu mkubwa," Taisto alisema.

"Makalio yake tu," Hilkka alisema. "Mwenyewe bado tunamdai uzio."

Walitembea wameinama. Mama mmoja mwenye mbwa mdogo aliyevalishwa sweta alidhani wameangusha ufunguo. Walimweleza.

"Aa, nyayo," yule mama alisema. "Hata kwangu zipo. Kwenye roshani, ghorofa ya nne, kuna mtu alipita na kitelezi, kile kiti cha kusukuma kwa mguu. Nimeshamzoea. Asubuhi namsalimia."

"Chuma kimoja kimepinda?" Taisto aliuliza.

"Kimepinda kidogo, ndiyo. Cha kulia."

"Huyo ni Väinö. Alishakufa."

"Poleni," yule mama alisema. "Ni mtu mtulivu sana."

Siku ya kwanza waliona bustani, bandari na soko la ndani, ambako walikula supu ya samaki. Taisto alisema supu si mbaya, ila viazi vimekatwa na mtu mwenye haraka. Nyayo hawakuziona. Siku ya pili mwongozaji wa matembezi aliwapeleka wageni wote kwenye uwanja mkubwa ulio chini ya kanisa jeupe, akawaonyesha sanamu ya mfalme, na Hilkka akaziona hapo hapo. Zilianzia chini ya sanamu, zikapita katikati ya uwanja, zikaishia kwenye kibanda cha divai ya moto.

Taisto alipiga magoti. Kiraka cha kisigino alikishona yeye mwenyewe, kutoka kwenye tairi la trekta lililochakaa, na msumari mmoja ulimpindia. Msumari uliopinda ulikuwa umechorwa kwenye theluji vizuri, kila mahali mguu wa kushoto ulipokanyaga.

"Ni kazi yangu," alisema.

Kundi la wageni lilikuwa linakuja moja kwa moja, mwongozaji mbele na kibendera chake. Hilkka alisimama njiani, akatanua mikono.

"Pitieni kule," alisema. "Hapa kuna mtu anatoka."

Walipita kule. Hilkka alivua shali yake akaizungushia zile za karibu na sanamu. Taisto akatoa ndani ya koti koleo dogo la majivu, ambalo Hilkka hakujua kwamba limekuja.

Mlinzi wa uwanja alikuwa mwanamke wa makamo, koti la njano, na chupa ya kahawa mkononi. Jina lake, Pirkko, lilikuwa limeandikwa kifuani.

"Hairuhusiwi kuchimba hapa, mzee."

Taisto hakuinua kichwa. "Unaongea kama mtu wa Ristijärvi."

"Ni wa Ristijärvi. Natakiwa niwazuie."

"Zuia."

"Nitawazuia nikimaliza kahawa," Pirkko alisema, akakaa kwenye ngazi ya sanamu na kujimiminia kikombe. Alikunywa kama mtu anayekunywa dawa, kidogo kidogo. Aliwaambia kwamba theluji ya kwao nayo ililetwa, mwaka uliofuata. Mama yake yuko kwenye kituo cha tramu karibu na bandari, safari yake moja ya kwenda kisimani na kurudi, ndoo imemwagika kidogo. "Ile sehemu naifagia kwa kuizunguka," alisema. "Wananikata mshahara kwamba naacha uchafu. Wakate."

Kikombe cha pili kilikuwa hakijaisha meneja alipofika. Aliitwa Holmström, mtu mrefu wa koti la kijivu, na alivua glavu kabla ya kuwapa mkono.

"Poleni kwa msiba," alisema. "Mimi sina tatizo na nyayo. Kwetu nyayo ni uchafu, mkizichukua mtatusaidia. Lakini theluji ni mali ya kampuni. Hiyo lazima ibaki."

Taisto alimwangalia kutoka chini. "Unyayo unatokaje bila theluji?"

"Hilo ni lenu, mzee."

"Sawa," Hilkka alisema. "Sisi tunachukua unyayo. Theluji yako ikiung'ang'ania, ikataze. Si yako? Itakusikia."

Pirkko alipaliwa na kahawa. Holmström alifikiri. Alikuwa mtu wa kufuata kanuni, na aliitafuta kanuni kichwani mwake mpaka akaipata. Kila tiketi ya matembezi ilikuwa na haki ya kumbukumbu moja. Wageni wengi huchukua tufe la kioo lenye punje za theluji ndani. Haikusemwa popote kwamba lazima liwe tufe.

"Kumbukumbu moja kwa tiketi," alisema. "Yenu ni ya watu wawili. Moja."

"Ziko kumi na moja."

"Matembezi yapo kila mwaka, mama."

"Mwanangu ametoka nusu miaka sita, na wewe unaniuzia tiketi."

"Siwezi kufanya zaidi," Holmström alisema, na ilikuwa kweli kwamba hakuweza.

Taisto alitaka ule wa mwisho, uliokuwa karibu na gari. Ulikuwa na kina kuliko mingine, kwa sababu kijana alikanyaga kwa nguvu ili apande. Alisema huo ndio unaoonekana vizuri.

"Mtu huanzia mlangoni, mzee," Hilkka alisema. "Ukimfunika huko mbele, huku nyuma anabaki amesimama."

Taisto alikwenda chini ya sanamu. Alikata kama alivyofundishwa ziwani, mbali na ukingo, koleo limelala, pande nne, kisha chini. Hakufanya haraka. Wageni walikuwa wamesharudi na kamera zao. Alipoingiza viganja vyote viwili chini ya kipande na kukiinua, Pirkko alisimama na kuvua kofia. Kiliingia sandukuni na nafasi ya vidole viwili kila upande. Hilkka alikifukia kwa vumbi la mbao, akilishindilia taratibu kama anayemfunika mtoto aliyelala. Holmström aliwashikia kifuniko.

"Nitarudi," Hilkka alimwambia.

"Karibuni sana," Holmström alisema, na hakuwa anafanya mzaha.

Treni ya abiria, kila mtu anajua, ina joto kama sauna. Vumbi la sanduku moja lisingekifikisha kipande hata Kuopio, katikati ya njia. Pirkko aliwasindikiza hadi kona ya uwanja.

"Mabehewa yetu yanarudi kaskazini mchana, matupu," alisema. "Matupu hayana mlinzi. Mimi nimewaelekeza treni ya abiria, iko upande ule." Na akanyoosha mkono upande wa mabehewa.

Walikuwa bado na siku mbili za matembezi zilizolipiwa, pamoja na jumba la makumbusho. Waliziacha.

Behewa la wazi halina kiti. Walikaa chini kwenye kona, migongo kwenye bati, sanduku katikati, Hilkka akiwa amefunika kichwa kwa shali iliyolowa uwanjani. Baridi iliongezeka kadiri miti ilivyoongezeka. Kwa theluji ilikuwa safari nzuri. Walikula mikate ya nafaka ya rai yenye wali ndani iliyokuwa imebaki, ikiwa imeganda, wakiivunja kwenye ukingo wa behewa. Taisto alikuwa amevaa viatu vya kanisani.

"Vidole vya miguu unavisikia?" Hilkka aliuliza baada ya Kuopio.

"Vingine."

"Vingapi?"

"Vya kutosha."

"Nilikwambia uvae vya manyoya."

"Uliniambia matembezi. Hukuniambia behewa."

Hilkka alimvua viatu, ambavyo vilikuwa vimepasuka kwa barafu, akaiingiza miguu yake ndani ya koti lake, tumboni, na hivyo ndivyo walivyofika Sorsavaara. Daktari wa Kajaani alikata vidole viwili, vya mguu wa kushoto, kidogo na kinachofuata. Alisema watu wa mjini humletea vidole kila mwaka, ila hii ni mara ya kwanza kwa mtu aliyetoka mjini kurudi kijijini. Sikio la Hilkka alilipunguza ncha.

Sanduku lilikaa kwenye kibanda cha kuni, chini ya vumbi jingine la mbao, mpaka mbingu ilipoanza kushuka na goti la Taisto likasema theluji ni kesho. Ilikuwa Jumanne. Walitoa kipande, wakakipangusa vumbi kwa unyoya wa kuku, na Taisto, akiegemea fimbo, akakilaza mahali pake, hatua moja kutoka kizingitini. Waliyarudisha matawi ya msonobari kukizunguka.

Theluji ilianza asubuhi. Mabehewa yaliwasili yakiifuata nyuma nyuma. Msimamizi alikuwa yule yule wa mwaka wa msiba, ameota mvi, na alipofika kwa Moilanen alimkuta Hilkka amesimama mbele ya nyumba na koleo kubwa la theluji.

"Anzeni kwa Kerttu," alisema.

"Mama, tunafuata mstari."

"Leo mstari umepinda."

Msimamizi aliwaangalia watu wake. Walikuwa wanne. Aliliangalia koleo, kisha sikio la Hilkka lenye bandeji.

"Hatuna ruhusa ya kuruka nyumba," alisema. "Lakini kusubiri hakujakatazwa."

Walikaa ukutani, na Taisto akawaletea kahawa, kwa sababu hata wao baridi iliwapata. Theluji iliujaza unyayo polepole. Ilianza kupotea ncha ya kiatu, ukafuata upinde wa katikati, kisha kiraka cha tairi. Msumari uliopinda ulikuwa wa mwisho. Ulikaa kama unywele mweusi, halafu haukuwepo.

Hilkka aliangalia muda kidogo zaidi.

"Haya," alisema. "Kunjeni."

Walikunja. Msimamizi alikagua chini ya theluji na juu yake, maana ndiyo kazi yake, na hakukuta alama yoyote. Ardhi ilibaki nyeusi kama kawaida, na mabehewa yaliondoka yakiwa yamejaa.

Alhamisi walivaa makoti, wakamimina kahawa, na mlango ukafunguka. Baridi iliingia. Waliendelea kunywa. Kisha mlango ukajifunga, na Taisto alipogusa birika la kahawa lilikuwa bado na uvuguvugu, jambo ambalo halikuwahi kutokea miaka sita.

"Mapema," alisema.

"Ameshuka kizingiti," Hilkka alisema. Alichukua kiatu cha nyumbani cha Ilpo, cha kushoto, akakitia kabatini. Cha kulia alikiacha.

Kampuni bado inakuja. Mwaka huu imeongeza mabehewa, na inasemekana watu wa Ufaransa nao wameuliza. Tangazo jipya lina picha ya bwana na bibi wazee wamepiga magoti kwenye uwanja mweupe, na chini yake pameandikwa Kumbukumbu ya Maisha. Hilkka alilikata, akawashia jiko. Ameshachukua tiketi ya mwakani.

Taisto alipiga hesabu mezani. Ana miaka sabini na mmoja.

"Mmoja kila mwaka," alisema. "Wa mwisho nitakuwa na themanini na mmoja."

"Basi acha sigara."

Aliacha siku hiyo hiyo, na pakiti aliitupa jikoni ikiwa nusu.

Kwa hiyo unyayo wa kwanza umechukua vidole viwili vya Taisto, ncha ya sikio la Hilkka, jozi moja ya viatu vya kanisani na sigara za mtu aliyevuta tangu ana miaka kumi na minne. Umebaki mguu wa Taisto wenye vidole vitatu, na mwingine mzima. Zimebaki nyayo kumi.